Daudi Alisamehewa: Mbona Upanga Haukuondoka Nyumbani Mwake?

Liko swali ambalo Wakristu huuliza mara nyingi, wengine kwa sauti, wengine moyoni tu. Mtu ametenda dhambi kubwa. Amejuta, ameungama kwa padre, amepata ondoleo, na kitubio alichopewa amekitimiza. Mbele ya Mungu dhambi ile haipo tena. Basi mbona mabaya yaliyozaliwa nayo yangali yanamfuata? Mbona mke aliyesalitiwa hamwamini tena mumewe? Mbona mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hajui amwite nani baba? Mbona mali iliyoibwa imekwisha kupita mikono mitatu minne, na aliyeibiwa angali anatembea kwa miguu? Je, Mungu amesamehe nusu?

Wako wanaojibu upesi: ukiona taabu zinaendelea, ujue hukusamehewa. Hao wanawakatisha tamaa wenye kutubu. Wako na wengine, nao kwa maoni yetu ni wengi zaidi, ambao husema: nimeungama, yamekwisha, mtu asiniulize neno. Hao wanawadhulumu mara ya pili wale waliokosewa. Ili tusipotee pamoja na hawa wala wale, tumtazame mtu mmoja ambaye Maandiko Matakatifu hayakumficha hata kidogo, yaani mfalme Daudi, katika kitabu cha pili cha Samweli, tangu sura ya 11.

Kwanza tukumbuke kwamba Daudi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametolewa machungani, akapakwa mafuta na Samweli, akamwua Goliati, akamsamehe Sauli mara mbili alipokuwa mikononi mwake. Alilileta Sanduku la Agano Yerusalemu huku akicheza mbele yake bila kujali heshima yake ya kifalme. Ni mtu huyo, si mwingine, ambaye jioni moja aliondoka kitandani akatembea juu ya dari la nyumba yake. Ulikuwa wakati ambapo wafalme huenda vitani. Askari wake walikuwa mbali, wanauzingira mji wa Raba chini ya jemadari Yoabu, na yeye alibaki nyumbani. Akamwona mwanamke anaoga. Akauliza habari zake, naye akaambiwa wazi: huyu ni Batsheba, binti Eliamu, mke wa Uria Mhiti.

Tusipite haraka hapa. Daudi aliambiwa. Majina yote mawili, Eliamu na Uria, yameandikwa katika orodha ya mashujaa wake katika sura ya 23 ya kitabu hicho hicho. Watu thelathini na saba kwa jumla, na wa mwisho kabisa ni Uria. Kwa hiyo hakuweza kusema kwamba hakumjua mwenye mke. Alimjua kama mtu amjuavyo askari aliyelala naye porini na kula naye chakula kimoja. Akatuma watu wakamlete mwanamke.

Yaliyofuata ni kuficha, na kuficha ndiko kulikoua. Batsheba akapeleka habari kwamba ana mimba. Mfalme akamwita Uria kutoka vitani, akamwuliza habari za majeshi kana kwamba ndilo jambo alilomwitia, kisha akamwambia aende nyumbani kwake akapumzike. Uria hakwenda. Alilala mlangoni pa mfalme pamoja na watumishi, kwa sababu wenzake walikuwa wanalala nje uwanjani. Siku ya pili mfalme akamlevya kwa divai. Hata amelewa hakwenda. Mlevi yule alikuwa na adabu kuliko mfalme mwenye akili zake timamu. Basi Daudi akaandika barua kwa Yoabu, kwamba Uria awekwe mbele penye vita vikali, kisha wenzake wamwache peke yake. Na barua hiyo akampa Uria mwenyewe aichukue. Uria alibeba kifo chake mkononi, wala hakuifungua.

Yoabu aliisoma. Tangu siku ile mfalme wa Israeli akawa na bwana. Yoabu alijua, na Daudi alijua kwamba Yoabu anajua. Baadaye Yoabu alimwua Absalomu kinyume cha amri ya mfalme, akamwua na Amasa njiani kwa hila, wala Daudi hakuthubutu kumgusa. Ilimbidi amwachie mwanawe Sulemani kazi hiyo katika maneno yake ya mwisho. Jambo hili twaliona katika ofisi zetu kila siku. Mkubwa anayemwagiza karani wake aandike risiti ya uongo, kesho hawezi tena kumkemea karani huyo akichelewa kazini, wala keshokutwa akiiba kwa ajili yake mwenyewe. Watu husema serikali imelegea. Pengine haikulegea, imefungwa kwa barua iliyoandikwa zamani.

Ndipo Mungu akamtuma nabii Natani. Hakuanza kwa kukaripia. Alimsimulia mfalme habari ya tajiri mwenye kondoo wengi na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja aliyelelewa pamoja na watoto wake. Tajiri akapata mgeni, akamchukua kondoo wa maskini amchinjie. Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu: mtu huyo astahili kufa, na kondoo yule atalipwa mara nne. Mara nne ndiyo sheria ya Musa kwa mwizi wa kondoo katika kitabu cha Kutoka. Natani akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye.

Na sasa tazameni jinsi msamaha ulivyokuja upesi. Daudi hakusema kwamba alishawishiwa, wala kwamba wafalme wa mataifa mengine hufanya hivyo. Alikiri kwamba amemkosea Bwana, kwa maneno machache sana. Papo hapo Natani akamjibu kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, hatakufa. Hakumngojesha mwaka mzima. Huruma ya Mungu haihesabu siku. Hata mfalme Sauli kabla yake alikuwa amesema kwamba ametenda dhambi, lakini maneno yaliyofuata yakaonyesha moyo wake: alimwomba Samweli amheshimu mbele ya wazee. Daudi hakuomba heshima.

Hata hivyo nabii yule yule, katika mazungumzo yale yale, alikuwa ametaja mambo ambayo hayakufutwa. Upanga hautaondoka nyumbani mwake. Mabaya yatatoka katika nyumba yake mwenyewe. Alichofanya kwa siri kitafanywa kwake mchana mbele ya Israeli yote. Na mtoto aliyezaliwa atakufa.

Tusidhani kwamba upanga huo ulishuka kutoka mawinguni kama radi. Someni sura zinazofuata polepole, mtaona kwamba ulitoka jikoni na vyumbani mwa nyumba ile. Amnoni, mwana wa kwanza, alimwona Tamari, dada yake wa baba mmoja, akamtamani, akamwita kwa hila, akamshika kwa nguvu, kisha akamfukuza. Alijifunza wapi kwamba mwanamke unayemwona unaweza kumchukua? Absalomu, ndugu yake Tamari kwa baba na mama, alingoja miaka miwili, akafanya karamu wakati wa kukata manyoya ya kondoo, akawaagiza watumishi wampige Amnoni moyo wake utakapofurahi kwa divai. Divai, na kuua kwa mikono ya wengine! Alijifunza wapi? Watoto hawakuisoma ile barua. Lakini nyumba ina masikio, na wana wa mfalme hawakuwa vipofu.

Na Daudi? Imeandikwa kwamba aliposikia habari ya Tamari alikasirika sana. Basi. Hakuna neno linalofuata. Tafsiri ya zamani ya Kiyunani inaongeza kwamba hakumhuzunisha Amnoni kwa kuwa alimpenda, ndiye mzaliwa wa kwanza. Sisi twafikiri kulikuwa na sababu nyingine pia: kila alipofungua kinywa amhukumu mwanawe, alimwona Uria. Aibu ilimfunga ulimi. Tamari akakaa nyumbani kwa Absalomu hali ameharibiwa maisha, na katika kitabu chote hatusikii kwamba baba yake alikwenda kumwuliza hali. Twasema hili kwa uchungu, maana wako akina Tamari wengi katika mitaa yetu, Mangobo, Kabondo, Lubunga, na katika vijiji. Binti amevunjiwa heshima na mtu wa jamaa, wazee wanakaa, wanapokea mbuzi na pesa kidogo, na mambo ya nyumbani yanakwisha nyumbani. Kwa nani yamekwisha? Wakati mwingine wazee wananyamaza kwa huruma kama Daudi, na wakati mwingine kwa sababu wenyewe wana lao la kufichwa.

Absalomu akakimbilia Geshuri miaka mitatu, akarudi, akakaa miaka miwili Yerusalemu bila kuuona uso wa baba yake, kisha akaivuta mioyo ya watu langoni pa mji na kujitangaza mfalme huko Hebroni. Mshauri wake mkubwa alikuwa Ahitofeli, mtu aliyekuwa zamani mshauri wa Daudi. Ahitofeli alikuwa na mwana jina lake Eliamu. Kama Eliamu huyo ndiye baba yake Batsheba, kama wengi walivyofikiri, basi aliyemwongoza mwasi alikuwa babu wa mwanamke yule aliyechukuliwa. Ni Ahitofeli aliyemshauri Absalomu awaingilie masuria wa baba yake mbele ya watu wote, ndani ya hema iliyopigwa juu ya dari. Dari la nyumba ya mfalme, mahali pale pale palipoanzia yote. Vita vikapiganwa katika msitu wa Efraimu, na siku ile moja walikufa watu 20,000. Watu hao walikosa nini? Hawakumwona Batsheba akioga, wala hawakumjua Uria, lakini wake zao ndio walioomboleza.

Hapo msomaji mwenye moyo atatusimamisha na kuuliza habari ya yule mtoto mchanga. Kosa lake lilikuwa nini? Wala hatuwezi kulikwepa swali hili. Nabii Ezekieli anafundisha wazi, katika sura ya 18, kwamba mwana hatachukua hatia ya baba yake. Kwa hiyo mtoto yule hakuwa na hatia mbele ya Mungu, na kifo chake hakikuwa hukumu juu ya roho yake. Mungu aliye Bwana wa uzima alimtwaa kutoka nyumba ile ya upanga, na kwa kumtwaa alimwonya baba. Tunajua hivyo kwa sababu moja tu: Natani alitumwa kusema. Sisi hatukutumwa. Mtu akifiwa na mtoto, wala padre, wala katekista, wala jirani hana ruhusa ya kumnong'oneza kwamba ni kwa ajili ya dhambi fulani. Wanafunzi walipomwuliza Bwana wetu Yesu Kristu kuhusu yule kipofu tangu kuzaliwa, kama ni yeye aliyekosa au wazazi wake, Bwana alikataa maneno yote mawili. Na huku kwetu twaongeza uovu mkubwa zaidi. Msiba ukiingia nyumbani, watu wazima hutafuta mkosaji, na mara nyingi wanamwangukia mdogo kuliko wote: mtoto wa marehemu, mtoto wa mke mwingine, huitwa ndoki, hupigwa, hufukuzwa, halafu tunamwona sokoni analala chini ya meza. Daudi walau hakufanya hilo. Alipohojiwa na Mungu hakumnyooshea mtoto kidole. Alijinyooshea mwenyewe, akalala chini siku saba akifunga na kuomba.

Basi Kanisa linafundisha nini? Linafundisha kwamba dhambi ina mambo mawili. Liko kosa lenyewe, lenye kututenga na Mungu na kutustahilisha adhabu ya milele. Hilo linaondolewa kabisa katika Sakramenti ya Kitubio. Na liko jeraha ambalo dhambi imelifanya, ndani ya mkosaji, ndani ya jirani, ndani ya jamaa na mji. Mtaguso wa Trento, katika kikao chake cha mwaka 1551 kuhusu sakramenti hiyo, uliwakataa wale waliosema kwamba Mungu hasamehi kosa kamwe bila kusamehe na adhabu yote pamoja. Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992 inasema neno hilo hilo kwa namna nyingine: ondoleo laondoa dhambi, lakini halitengenezi yote yaliyoharibiwa na dhambi, aliyeinuka kutoka dhambini hana budi kufanya malipizi. Ndiyo sababu padre hutoa kitubio, na ndiyo sababu twaombea roho za toharani.

Wavuvi watalielewa jambo hili upesi kuliko wenye vitabu. Mtu anamwaga sumu mtoni juu ya maporomoko ya Wagenia ili apate samaki wengi kwa siku moja. Jioni moyo wake unamchoma, anajuta kweli, anaungama, Mungu amemsamehe. Lakini sumu haikungoja maungamo. Imekwisha kupita chini ya mji, inateremka kuelekea Yangambi na Isangi, na huko mama mmoja anachota maji. Atakayemwambia mvuvi yule kwamba Mungu hakumsamehe, amesema uongo. Na mvuvi akikaa nyumbani kwa raha asiende kuwaonya watu wa Isangi, twaweza kuuliza kama kweli alijuta.

Mwaka 390 Kaisari Theodosi wa Roma alighadhibika kwa sababu ya fujo katika mji wa Thesalonike, akaamuru watu wauawe, wakafa maelfu. Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano, alimwandikia barua, akamkumbusha Daudi na Natani, akakataa kutoa sadaka ya Misa mbele yake mpaka afanye kitubio. Paulino, katibu wa Ambrosi, anasimulia kwamba Kaisari alijitetea kwa kusema kwamba hata Daudi alizini na kuua. Askofu akamjibu kwamba, ikiwa amemfuata Daudi katika kukosa, amfuate na katika kujirekebisha. Kaisari akavua mavazi yake ya kifalme, akalia hadharani kanisani. Jibu lile lafaa sana siku hizi zetu, ambapo kila mkubwa akishikwa na kashfa hupatikana mtu wa kumtetea kwa jina la Daudi. Wanaikumbuka sura ya 11 na kuisahau sura ya 12.

Tuna haki ya kusema hayo sisi watu wa Kisangani, kwa kuwa tumeishi chini ya dhambi za wafalme wengine. Leopoldi wa Pili hakukanyaga nchi hii hata siku moja, lakini mpira wake ulitoka katika misitu yetu pamoja na damu ya waliokatwa mikono. Mjukuu wa ukoo wake, Mfalme Filipo, alieleza majuto yake katika barua ya tarehe 30 Juni 2020, na tena alipofika Kinshasa Juni 2022. Majuto ni mwanzo mwema. Daudi alisema neno fupi kuliko majuto: nimekosa.

Kisha vikaja vita vya watu wasiokuwa wa kwetu. Majeshi ya Uganda na ya Rwanda yalikuwa yameingia nchini kama marafiki wa upande mmoja, na nyuma ya kila jeshi walisimama Wakongo wenzetu wa RCD iliyokuwa imekwisha kugawanyika. Walipigana mjini mwetu Agosti 1999, tena Mei 2000, na mara ya tatu tangu tarehe 5 hadi 10 Juni 2000. Sehemu kubwa ya ugomvi wao ilikuwa ni nani atautawala mji huu na almasi zake. Matajiri wawili waligombana juu ya mwana-kondoo wa maskini, na ugomvi wao ukafanyika ndani ya nyumba ya maskini mwenyewe. Makombora yaliruka juu ya mto Tshopo na daraja lake. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 inataja makadirio ya raia waliouawa katika siku zile sita kati ya 244 na 760, waliojeruhiwa zaidi ya 1,000, na nyumba zaidi ya 400 zilizobomolewa. Hata kanisa kuu letu la Bikira Maria wa Rozari liliharibiwa. Wenyeji wengi husema waliokufa ni wengi kuliko hao.

Tarehe 16 Juni 2000, moshi ungali haujatoweka, Baraza la Usalama katika azimio lake la 1304 lilisema kwamba Uganda na Rwanda zinapaswa kulipa hasara ya watu na mali ya Kisangani. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya Den Haag iliihukumu Uganda tarehe 19 Desemba 2005, na tarehe 9 Februari 2022 ikapanga fidia ya dola milioni 325 kwa mabaya yote yaliyotendwa nchini mwetu, ilipwe kwa mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka. Fungu la kwanza lililipwa mwaka ule ule. Shauri juu ya Rwanda lilikuwa limefungwa Februari 2006, kwa kuwa Mahakama iliona haina mamlaka ya kulisikiliza. Miaka ishirini na miwili toka kombora hadi pesa! Wangapi walikwisha kufa na makovu yao?

Hapa Wakristu wengine wema walitatizika. Walisema: sisi tulikwisha kusamehe, tukienda kuandika majina yetu tupewe fidia, je, hatujaondoa msamaha wetu? Twawajibu kwa moyo mmoja kwamba sivyo. Msamaha ni kazi ya moyo wa aliyekosewa, na malipo ni deni la aliyekosa. Daudi mwenyewe, kabla hajajua kwamba anajihukumu, alisema mara nne. Zakayo, siku wokovu ulipoingia nyumbani mwake, hakungoja kudaiwa. Aliahidi mara nne, na nusu ya mali yake kwa maskini, naye Bwana hakumwambia kwamba imani peke yake yatosha, ahifadhi pesa zake. Aliyekosewa aweza kuliacha deni kwa hiari yake. Lakini hakuna mwingine awezaye kuliacha kwa niaba yake, wala serikali, wala askofu, wala mzee wa jamaa.

Na kwa sababu hiyo hiyo, anayekula malipo ya walioumizwa amemchinja tena yule kondoo. Serikali iliunda mfuko wa kuwagawia fidia hiyo, makao yake Kisangani, na tangu mwanzo malalamiko hayakukoma juu ya majina yaliyoongezwa na wenye haki walioachwa. Septemba 2025 Mahakama ya Kasasi huko Kinshasa ilimhukumu aliyekuwa Waziri wa Sheria miaka mitatu ya kazi za shuruti, katika shauri la dola milioni 19 zilizotolewa katika fungu hilo kwa ajili ya kujenga gereza Kisangani. Yeye alikana kosa. Sisi si mahakama, na dhamiri yake yajulikana na Mungu. Lakini swali la Natani halimhusu waziri tu. Likimkuta kati yetu aliyejiandikisha kuwa majeruhi naye siku zile alikuwa Buta au Kinshasa, au aliyezibeba bati za jirani yake wakati jirani amekimbilia porini, basi na lilale naye usiku huu. Kuungama na kuendelea kulala chini ya bati zile ni jambo ambalo hakuna padre awezaye kulibariki.

Lakini twajua pia kwamba yako madeni yasiyolipika. Uria alikuwa amekufa. Daudi angetoa ufalme wote, asingemrudisha. Mwenye heri Anuarite Nengapeta, sista wa Jamaa Takatifu, aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, naye alimsamehe mwuaji wake kabla ya kufa. Alipotangazwa Mwenye heri huko Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yohane Paulo II alimsamehe mwuaji huyo kwa jina la Kanisa zima. Hakuna msamaha mkubwa kuliko huo, nao ulikuwa wa kweli. Hata hivyo wazazi wake walikuwa wamemzika binti yao. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mtu afanye nini basi na deni lisilolipika? Hapo ndipo Daudi wa pili anapotokea, na kwa maoni yetu ni mkuu kuliko yule wa Goliati. Mtazameni akikimbia Yerusalemu mbele ya mwanawe, anapanda Mlima wa Mizeituni bila viatu, kichwa kimefunikwa, analia. Makuhani wamelichukua Sanduku la Agano. Yeye anawaambia walirudishe mjini, hataki kumtumia Mungu kama ngao yake. Mtu mmoja wa ukoo wa Sauli, jina lake Shimei, anamfuata kando ya mlima, anamtupia mawe na mavumbi, anamwita mtu wa damu. Abishai anaomba ruhusa akamkate kichwa. Mfalme anakataa. Amwache alaani, asema, huenda Bwana amemwagiza. Kwa mambo ya Sauli matusi yale yalikuwa ya uongo, kwa kuwa Daudi hakumwua Sauli. Lakini mtu wa damu alikuwa kweli, na Shimei hakujua jinsi alivyosema kweli. Daudi alijua, akayapokea mawe. Adhabu ile ile iliyomkuta Sauli na kumtia wazimu, ilimkuta Daudi ikawa sala. Mwenye kutubu hachagui mawe atakayotupiwa. Na wale waliokosewa wakikawia kumwamini tena, mwaka, miaka mitano, asiwalaumu. Wanayo haki yao ya kukawia.

Mungu naye hakuiacha nyumba ile. Batsheba alizaa mwana wa pili, Sulemani, na Natani yule yule aliyekuja na maneno makali alitumwa tena kumpa mtoto jina la kupendwa na Bwana. Kutoka kwake ukaendelea ukoo mpaka Yosefu, mumewe Maria. Mtakatifu Mateo ameuandika ukoo huo mwanzoni mwa Injili yake, nao husomwa katika Misa ya tarehe 17 Desemba na tena katika Misa ya mkesha wa Noeli. Tutausikia mwaka huu pia, majina mengi magumu, na watoto wakisinzia mabegani mwa mama zao. Mtege sikio padre akifika kwa Daudi. Mateo angeweza kuandika Batsheba, au kuandika malkia, kwa kuwa alikuwa mke wa Daudi kwa ndoa miaka mingi mpaka mfalme akafa. Hakuandika hivyo. Amesema kwamba Daudi alimzaa Sulemani kwa yule aliyekuwa mke wa Uria.